Tupime Kabla ya Kulaumu: Intaneti ya Runinga katika Mji wa Merti

Hakuna mwenye runinga janja katika mji wa Merti asiyekijua kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo cheusi, kikimngojesha mtu hotuba iliyokatika, mpira uliosimama au somo lililokwama kabla mwalimu hajamaliza sentensi yake. Na aghalabu chombo chenyewe kimenunuliwa kwa fedha ya jasho, kikabebwa kwa gari mwendo wa kilomita mia mbili na zaidi kutoka Isiolo, juu ya barabara ambayo sehemu yake kubwa ni vumbi na mawe. Mwenye nyumba humlaumu muuza duka, muuza duka huilaumu kampuni ya simu, kampuni huulaumu umbali, na lawama ikishamaliza mzunguko wake kila mtu hurejea nyumbani kwake akiukuta udhaifu ule ule mahali alipouacha. Rai yangu, nami naitoa kwa moyo mkunjufu na kwa kuwatakia heri wenzangu wa kaskazini ya Kenya, ni kwamba udhaifu huu una makao mawili: mmoja umekaa ndani ya kuta zetu na dawa yake imo mikononi mwetu, na wa pili umekaa nje ya mji, katika mipango ya serikali na ya makampuni, na dawa yake ni kudai haki. Asiyejua kupambanua kati ya huu na ule hupoteza vitu viwili kwa pamoja, fedha yake na hoja yake.

Wako watakaosema kwamba katika mji unaohesabu miaka yake kwa ukame na kwa mafuriko ya mto wa Ewaso Nyiro, kuzungumza juu ya runinga ni kuzungumza juu ya anasa. Walakini mwezi wa Machi 2020, gonjwa la korona lilipofunga shule zote za Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo kwa watoto kwa redio, kwa runinga na kwa YouTube, na ni Januari 2021 ndipo madarasa yote yalipofunguliwa tena. Mtoto ambaye nyumba yake ilikuwa na njia moja katika hizo tatu aliendelea kufundishwa, na mtoto asiyekuwa nayo alikaa muda wote huo bila mwalimu. Tena tukumbuke kwamba televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, na tangu hapo mitambo ya kurushia matangazo imefuata watu wengi na fedha nyingi, ndiyo maana sehemu za kaskazini zilitazama kwa muda mrefu picha ambazo wenzao wa Nairobi na Mombasa walikuwa wamekwisha kuzichoka. Intaneti imeivunja kanuni hiyo kongwe, kwa kuwa runinga iliyounganishwa nayo haingoji mtambo mpya ujengwe mlimani: inangoja njia moja tu ya kupitishia habari, na njia hiyo ikiwa nzuri, nyumba ya Merti hupata sawasawa na nyumba ya Nairobi. Kitu kinachoweza kumweka mtoto wa Merti na mtoto wa mji mkuu mbele ya mwalimu mmoja hakistahili kuitwa anasa.

Basi na tuifuate njia hiyo kwa utaratibu, maana asiyeijua njia hawezi kujua ilipokatika. Habari nyingi zinazoingia Kenya hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ambazo za kwanza, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa ikiitegemea satelaiti kwa bei kubwa na kwa mwendo wa kinyonga. Kutoka Mombasa habari hupanda bara kwa nyaya za kioo, kisha hurushwa hewani kutoka mnara hadi mnara mpaka mnara wa simu ulio karibu nawe. Au, kwa mwenye uwezo, hushuka moja kwa moja kutoka mbinguni, kwa kuwa huduma ya Starlink ilifunguliwa Kenya mwezi wa Julai 2023, na satelaiti zake huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 550 hivi, ilhali zile za zamani hukaa kimo cha kilomita 35,786, na kwa sababu hiyo zilikuwa hazina budi kuchelewa. Habari ikishafika nyumbani huingia katika ruta, na ruta huitawanya chumbani kwa mawimbi ya waifai hadi kwenye runinga. Maelfu ya kilomita zimekatwa, milima na bahari zimevukwa, na zimesalia hatua chache za sebuleni. Na ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi mauti ya habari hiyo hutokea katika hatua hizo chache.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima, na kipimo hakitaki fundi wala gharama. Chukua simu, izime data yake yenyewe ili itumie waifai ya nyumba peke yake, simama kando ya ruta, kisha fungua mojawapo ya programu za kupimia kasi na uandike hesabu unayoiona; halafu sogea hadi ubavuni mwa runinga, upime tena na kuandika. Ikiwa kasi ni dhaifu hata kando ya ruta, ugonjwa umetoka nje, na huna sababu ya kuhamisha meza wala kabati, isipokuwa ruta yako ni ya laini ya simu, ambayo nitaieleza mbele. Ikiwa ni nzuri kando ya ruta na dhaifu kando ya runinga, ugonjwa umo chumbani. Ikiwa simu yapata kasi njema mahali pote pawili na runinga ingali inakwama, ugonjwa ni wa runinga yenyewe. Upime alfajiri, adhuhuri na saa tatu za usiku, kwa sababu mnara mmoja huhudumia watu wengi, na saa ambayo mji mzima umeketi na simu mkononi haiwezi kufanana na saa ambayo mji umelala. Ama kipimo cha kutosheka, Netflix, kampuni ya Marekani ya filamu, huwashauri wateja wake wawe na megabiti 3 kwa sekunde kwa picha safi ya kawaida, 5 kwa picha safi kamili, na 15 kwa ile ya juu kabisa. Hivyo mtu aliyepata 4 na kudai picha ya 15 hana haki ya kumlaumu yeyote.

Tuchukue sasa ugonjwa wa chumbani, kwa kuwa ndio ulio wetu. Adui mkubwa wa waifai katika miji yetu ni bati. Mawimbi ya redio yakikutana na chuma hurudi yalikotoka kama nuru irudivyo kwenye kioo, na nyumba iliyoezekwa kwa bati na kuzungushiwa bati, hata iwe ndogo kiasi gani, huyafungia mawimbi ya ruta ndani na kuyafungia ya mnara nje. Maji nayo huyanywa mawimbi hayo. Na katika mji ambao kila nyumba huweka akiba ya jerikeni, si shida kukuta safu ya jerikeni zilizojaa zimepangwa baina ya ruta na runinga bila ya mtu kuzishuku. Kuta za mawe huyapunguza, kabati la chuma huyazuia, na runinga yenyewe, ambayo mgongo wake una vipande vya chuma, huwa kizuizi kwa ruta iliyofichwa nyuma yake kwa ajili ya unadhifu wa sebule. Ruta iwekwe mahali pa juu, peupe, mbali na chuma na maji, ionane na runinga bila ya ukuta katikati ikiwa yawezekana. Uhamisho huo wa dakika chache, usiogharimu senti, umeponya runinga nyingi ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kuzikatia tamaa.

Fauka ya hayo, ruta nyingi za siku hizi zina masafa mawili, la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5, na kila moja lina tabia yake. La 2.4 hufika mbali na hupenya kuta kwa ustahimilivu, lakini kasi yake ni haba na vyombo vingi hugombania nafasi humo. La 5 lina kasi kubwa na nafasi tele, lakini huchoka mapema, na ukuta mmoja wa mawe waweza kulilegeza kabisa. Runinga iliyo chumba kimoja na ruta ipewe la 5, na iliyo ng'ambo ya ukuta ipewe la 2.4. Katika Nairobi watu huambiwa pia wachague mkondo wa 1, 6 au 11 katika masafa ya 2.4 ili wasigongane na ruta za majirani; kwetu, nje ya maduka yaliyobanana ya sokoni, majirani wenye ruta si wengi, na ushauri huo hauna uzito sana. Lenye uzito ni kutochomeka diski ya kuhifadhia filamu karibu na ruta au katika tundu la USB lililo kando ya antena ya runinga, kwa maana vifaa vya USB vya kasi hutoa kelele inayoyafunika masafa ya 2.4, na mtu hutafuta mchawi mnarani ilhali mchawi yuko nyuma ya kioo chake.

Kwa mwenye ruta ya laini ya simu kuna mgongano ambao wauzaji hawauelezi. Ruta hiyo yataka kuuona mnara, basi yapasa ikae dirishani, upande unaoelekea mnara, nje ya kivuli cha bati. Na papo hapo yatakiwa ikae karibu na runinga, ambayo pengine iko upande wa pili wa nyumba. Wengi huchagua runinga, wakaukosa mnara, na kwa hiyo wakakosa yote. Suluhisho lake ni waya wa mtandao, ule wenye vichwa vya plastiki viwili vinavyobonyea: ruta ibaki dirishani pake, na waya utoke kwake uingie nyuma ya runinga. Waya huo huchukua habari bila ya kupungua hadi mita 100, umbali unaotosha kuvuka ua mzima na kufika nyumba ya pili, na hauogopi bati, wala mawe, wala jerikeni. Ni kweli kwamba katika runinga nyingi tundu la waya lina kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, lakini filamu ya juu kabisa yataka 15, kwa hiyo kikomo hicho hakimdhuru mtazamaji. Nitasema kwa yakini kwamba katika dawa zote za ndani ya nyumba hii ndiyo iliyo bora, nayo ni rahisi kuliko vile vifaa vya kuongezea mawimbi vinavyosifiwa madukani, ambavyo vingi hupokea na kurusha kwa masafa yale yale, vikapoteza nusu ya kasi njiani, na vikiwekwa kando ya runinga badala ya katikati ya njia, huwa vinarudufu udhaifu ule ule.

Ikiwa ugonjwa ni wa runinga, nao una dawa: izimwe kutoka kwenye soketi kwa dakika moja ili isahau uchovu wake, programu yake isasishwe, na zile programu ndogo zisizotumiwa zifutwe, kwa kuwa kumbukumbu ya runinga za bei nafuu ni finyu na hujaa upesi. Iliyozeeka isitupwe; kifaa kidogo cha kuchomeka katika tundu la HDMI chaweza kuifanya janja upya, mradi kining'inizwe kwa kipande cha waya wa kurefushia, kisibanwe baina ya mgongo wa chuma na ukuta.

Lakini hata ruta iliyokaa mahali pake haiwezi kuwashibisha wote kwa wakati mmoja, na hapa Waborana, wafugaji wa kwetu, wana elimu kongwe kuliko intaneti. Kisima chao kina abba herega, msimamizi wa zamu, ambaye hupanga mifugo ya nani inywe leo na ya nani kesho, kwa kuwa maji yakiachwa kwa mwenye nguvu, kundi moja hushiba na jingine hufa kwa kiu, na kisima huharibika kwa ugomvi. Ruta ni kisima cha nyumba: simu sita zikichota video kwa pamoja, na kompyuta ikijisasisha kimya kimya chumbani, runinga hubaki na matone. Nyumba na iwe na zamu yake. Upakuaji mkubwa ufanywe usiku wa manane, simu zizuiwe kujichezea video zenyewe, na saa ya masomo ya watoto iheshimiwe na wakubwa. Vivyo hivyo katika fedha: saa moja ya filamu katika Netflix hula hadi gigabaiti 1 kwa picha ya kawaida, hadi 3 kwa picha safi, na hadi 7 kwa ile ya juu kabisa, na mwenye bando la kununua kwa mizani hana sababu ya kutazama mhadhara wa hesabu kwa picha itakayommalizia akiba ya mwezi. Ubora upunguzwe kwa mkono katika mipangilio, na kiduara mara nyingi kitatoweka siku hiyo hiyo.

Stima nayo ina fungu lake. Merti haikuunganishwa na gridi ya taifa. Hupata umeme wake kwa kituo chake chenye mashine za dizeli, na umeme wa namna hiyo ukiyumba, ruta huzima na kuwaka, na kila mara huanza upya kuutafuta mnara. Ruta nyingi hutumia volti 12 tu, kama yasemavyo maandishi yaliyo kwenye chaja yake, na kwa hiyo betri ndogo ya sola yaweza kuilea mchana kutwa na usiku kucha. Dishi ya Starlink ina shauku zaidi, wati 75 hadi 100 kwa ile ya kawaida, na mwenye kuitaka apime sola yake kabla ya kulipa. Tena asidhani kwamba dishi ni dawa ya kila maradhi: itaondoa udhaifu wa mnara, ila haitatoboa bati la ukuta wala haitahamisha jerikeni, na mtu aliyekwisha kutumia maelfu ya shilingi juu ya paa aweza kukikuta kiduara kile kile kikimngoja sebuleni.

Hayo ni ya kwetu. Nikiyataja kwa urefu si kwa sababu nataka kuwaondolea wakubwa dhamana yao, maana dhamana hiyo ni nzito na ina historia. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965 ulikata shauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali palipo na rutuba na mvua, panapotarajiwa faida ya haraka, na kaskazini ya nchi, ambayo wakati huo ilikuwa imo katika vita vya Shifta, ikaachwa ingoje. Katiba ya 2010 ilikiri dhuluma hiyo, ikaweka katika kifungu cha 204 Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa, na Isiolo imo katika orodha ya kaunti zilizokusudiwa. Intaneti haikutajwa humo, lakini ina hazina yake: sheria ya mawasiliano iliyorekebishwa mwaka 2009 ilianzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo makampuni huichangia nusu asilimia ya mapato yao ili kufikisha mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haiwezi kufika. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2022 iliahidi kilomita 100,000 za nyaya za kioo na vituo 25,000 vya waifai ya umma. Na mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2020, unakusudia kulaza waya wa kioo pamoja na lami. Lakini njia yake ni ya Kula Mawe na Modogashe, na Merti haiko juu yake.

Hapo ndipo madai yetu yanapopaswa kusimama: kwamba tawi la waya huo lifike Merti, na kwamba katika vituo vile 25,000 visikose kimoja kwenye shule, kimoja kwenye hospitali na kimoja kwenye soko la mifugo. Wakubwa hawakosi majibu kwa malalamiko ya jumla. Anayesema intaneti ni mbaya huambiwa anunue ruta mpya, na kwa kuwa hajui ruta yake imekosa nini, hunyamaza. Lakini baraza litakaloletewa daftari lenye tarehe, saa, mahali na kasi iliyopimwa kando ya ruta, kutoka nyumba za Merti mjini, Korbesa na Bulesa, mwezi baada ya mwezi, litakuwa na kitu ambacho mwakilishi wadi anaweza kukiweka mezani Isiolo, na mbunge akakipeleka Nairobi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikalazimika kukijibu. Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wa kidato cha tatu kwa simu za wazazi wao, na itawafundisha hesabu na uraia kwa pamoja.

Kwa hivyo wasia wangu kwa kila mwenye runinga Merti ni mfupi. Juma hili hamisha ruta, ondoa chuma na maji katika njia yake, vuta waya ikiwa waweza, ukaweke zamu nyumbani mwako. Udhaifu ukiondoka, utakuwa umejikomboa bila ya kumngoja mtu. Usipoondoka, andika vipimo vyako, uvipeleke barazani, ukavidai kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake. Kwa maana serikali yoyote hupata taabu kumnyima haki raia ambaye hana taksiri, na ambaye ushahidi wake umeandikwa kwa tarakimu.